Kiganja Kilichobaki Shinyanga

Nasrin alifika kwangu Nyahanga, hapa Kahama, siku ya Alhamisi, wiki moja baada ya arobaini ya mama yake. Alikuwa amepanda basi kutoka Dar na miguu imemvimba. Nilimpa kiti kile wanachokaa wateja wakisubiri kupimwa, nikasukuma vipande vya vitambaa pembeni kwa mguu, akanisalimia shikamoo Anti Minza kama alivyokuwa akinisalimia akiwa na miaka kumi na mmoja, akija likizo kutoka shule. Tukalia kidogo. Halafu akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa utepe, juu umeandikwa jina langu kwa kalamu ya wino. “Mama alisema huu ni wako, asiuguse mtu mwingine.” Nikaupokea. Akaniambia pia kwamba wajukuu wa Bi Rahma wa Maskati wameitoa ile kanzu ya zamani sandukuni, wanataka kuitundika mahali watu waione, na pembeni yake waweke karatasi yenye majina ya walioishona na maneno machache juu ya kila mmoja. “Mama nimemwandikia kwamba alikuwa fundi hodari wa kushona kwa mkono, kajifunza kwa baba yake Unguja. Wewe ndiye uliyekuwa naye mwaka ule. Nimekosea popote?” Nilimtazama, macho ni ya mama yake kabisa. Nikamwambia, “Kunywa chai kwanza, mwanangu, itapoa.” Akanywa, akala na maandazi mawili, na jioni akaondoka bila jibu. Mfuko niliuweka juu ya kiti kile kile, na kwa siku nne wateja wangu walisubiri wakiwa wamesimama.

Mwaka anaoutaja ni wa tisini na tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Didia, nimepanga chumba Ngokolo, mjini Shinyanga. Kilikuwa chumba cha kona chenye dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani, hivyo nilijua saa kwa rangi ya ule ukuta tu. Nilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mkaa, sufuria mbili, na kopo la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, niliyotoka nayo kijijini. Asubuhi nilichemsha michembe, nikaitia karanga za kutwanga, nikala nimesimama mlangoni ili angalau nione watu wakipita. Mwenye nyumba alinisalimia “Mwangaluka” kila siku, nami nikamwitikia, na siku nyingine hilo ndilo neno pekee la Kisukuma nililolisema mpaka kulala. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nilikuwa na kiburi, wasichana wa pale niliwaona wapuuzi na wao wakaniona ninajidai, na pande zote mbili tulikuwa tumesema kweli.

Kazi yangu ilikuwa barazani, mbele ya duka la vitambaa la Baba Nasrin, Mhindi aliyekuwa akipeleka pia maturubai, koleo na mablanketi kwa wachimbaji wa Geita. Tulikuwa mafundi wanne na vyerehani vinne, mimi peke yangu mwanamke. Wachimbaji wakipata chochote kwenye duara, yaani shimo lao, walikuja mjini kujinunulia kitambaa na kushonewa hapo hapo, na wengi walitaka suruali yenye mfuko wa siri ndani ya mkanda. Mfuko huo ndio ulioniletea sifa. Nilikuwa naumalizia kwa mkono, kwa sindano nyembamba, na hata ukiigeuza suruali ndani nje usingejua mshono unaanzia wapi. Wenzangu walinicheka. “Minza, unashona au unasali?” aliniuliza fundi wa karibu yangu kila aliponiona nimeinama. Siku moja Mama Nasrin alitoka ndani, akaichukua suruali ya mchimbaji mmoja mapajani pangu, akaipeleka kwenye mwanga, akaisogeza mpaka karibu na pua. Akanirudishia, akarudi ndani. Kesho yake, saa saba mchana, duka lilipofungwa kwa chakula, alituma mtu aniambie niingie uani.

Mama Nasrin alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viganja vikubwa kama vya mwanaume, amezaliwa Unguja na kuolewa Shinyanga, mahali ambapo miaka kumi na mitano haikutosha kumzoesha vumbi. Alikuwa na chumba cha nyuma chenye meza moja, na juu ya meza kompyuta iliyofunikwa kwa kitambaa cha kudarizi kama jeneza la mtoto. Mumewe aliinunua kwa ajili ya kuagiza mali. Saa saba hadi saa nane, simu ya duka ilipokuwa haina kazi, kompyuta ilikuwa ya mkewe. Aliunganisha waya, mashine ikalialia, na baada ya dakika nyingi zikaja barua pepe. Zilitoka kwa watu saba ambao hawakuwa wameonana: mmoja Mombasa, mmoja Lamu, wengine Ulaya na Uarabuni, wote wenye asili ya huku kwetu. Kazi yao ilikuwa moja tu, kushona upya nguo za kale za pwani, kwa sindano na uzi, namna mababu walivyoshona. Mkubwa wao alikuwa Bi Rahma wa Maskati. Mwaka ule walikuwa wameamua kushona kanzu moja ya zamani kwa pamoja, kila mtu kipande chake kule aliko, kisha vipande vyote vipelekwe kwa posta kwa Bi Rahma aviunge. Mama Nasrin alinisomea barua hizo kwa sauti, moja baada ya nyingine, na mimi nikasimama pale nimeshika kikombe mpaka chai ikafanya utando. Sikuwahi kudhani duniani wapo watu wa kubishana siku tatu juu ya urefu wa mshono.

Tatizo lilikuwa kwamba Mama Nasrin hakujua kushona. Majina ya kila kipande cha kanzu aliyajua, na kitambaa aliweza kukitambua kwa kukigusa akiwa amefumba macho, maana baba yake alikuwa fundi kanzu na yeye alikulia chini ya meza ya kukatia. Ila kwao waliofundishwa kushona ni wanaume. Alipojiunga na wale watu aliulizwa kama ni fundi, akajibu ndiyo, akidhani ni uongo wa siku moja. Sasa Bi Rahma alikuwa ametaka kila mmoja alete kipande cha majaribio. “Wewe shona, mimi nitakuwa nakusomea,” aliniambia. Nilikubali kabla hajamaliza. Wala hakuniahidi kitu. Ningekubali hata kwa kukaa kile chumba tu, ambako mtu alinisubiri kwa saa ileile kila siku na sahani yangu imefunikwa.

Basi tukawa tunakula kichri, wali uliopikwa pamoja na dengu, na achari ya maembe, yeye juu ya kiti na mimi juu ya gunia la mchele, tukimaliza tunanawa mpaka kucha ili mafuta yasiguse kitambaa. Yeye alinieleza baba yake alivyokuwa akifanya, mimi nikajaribu, nikafumua, nikajaribu tena. Majaribio yalipofika Maskati, Bi Rahma aliandika kwamba mishono ya Mama Nasrin wa Shinyanga inamkumbusha fundi mmoja wa utotoni mwake, na kwamba aliwaonyesha majirani. Mama Nasrin alilisoma hilo mara mbili. Mara ya pili alinitazama, na wote wawili tulikuwa tumeona haya, kila mmoja kwa sababu yake. Printa ilitoa ile barua kwenye karatasi yenye matundu pembeni. Nilimwomba, akanipa, nikaibandika ukutani Ngokolo juu ya kitanda. Jina lililoandikwa pale si langu, lakini sifa nilijua ni za nani, na kwa miezi miwili nililala chini yake nikiwa na furaha ya mwizi.

Bi Rahma alikuwa na sheria moja aliyoishika kama dini: hakuna futi ya kupimia. Fundi wa zamani, alisema, alipima kwa mwili, dhiraa kutoka kwenye kiwiko, shibiri kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na upana wa kidole kwa mambo madogo. Na kwa kuwa viganja vya watu havilingani, aliagiza kila mmoja akitandaze kiganja chake juu ya karatasi, akichore kwa penseli, amtumie. Yeye angevipima vyote na kumwambia kila mtu, kwa kiganja chake mwenyewe, kipande chake kiwe shibiri ngapi. Mama Nasrin alikichora cha kwake mbele yangu. Karatasi nusura isitoshe. Tulicheka, akaniambia, “Ningekuwa mwanaume ningekuwa bondia.” Akaitia kwenye bahasha na kuituma. Wiki kadhaa baadaye likaja jibu: sisi tumepewa taharizi ya kushoto, kile kipande kirefu cha ubavuni kinachoshuka kutoka kwapani mpaka chini ya kanzu, ya kulia atashona Mzee Idi wa Mombasa. “Kwa kiganja chako, Mama Nasrin, ni shibiri tano na vidole viwili.” Alinisomea hivyo, na mimi palepale nikakitandaza kitambaa mezani, nikapima kwa kiganja changu, shibiri tano na vidole viwili, nikaweka alama, nikakata.

Hata leo nikisimulia nashangaa. Mimi fundi, yeye mtoto wa fundi, na hakuna aliyeona. Tulikuwa tumekaa miezi mingi tukijibu kwa jina moja hata tukasahau kwamba kazi ile ina viganja viwili.

Nilishona taharizi ile kwa wiki tano. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya maishani, na nimefanya nyingi. Jumapili, duka likiwa limefungwa, nilikaa nayo chumbani nikiwa nimetandika shuka jeupe sakafuni, na watoto wa mwenye nyumba wakapiga kelele uani, wakikimbizana, na mimi sikutaka kuwa popote pengine. Nilizungumza na wale watu saba nikishona. Nilimwuliza Mzee Idi kama na yeye sindano inamtoboa kidole kilekile. Ndivyo nilivyokuwa nimefika.

Kipande kilirudi mwanzoni mwa Septemba, kwa posta, kimekunjwa vizuri, pamoja na barua ya mkono. Mama Nasrin aliisoma kwa sauti kama kawaida yake kabla hajajua kilichomo. Taharizi zile mbili, Bi Rahma aliandika, amezilaza pamoja. Ya kushoto ni fupi kuliko mwenzake kwa zaidi ya nusu shibiri. Mishono haina doa. “Mama Nasrin, kiganja ulichonichorea na kiganja kilichokata nguo hii si kimoja. Sikasiriki. Nataka kujua tu, ni nani huyu anayeshona?” Alikunja barua. Pale mezani palikuwa na mtu wa mbali, asiyenijua, aliyeniona kupitia kitambaa na kuuliza mimi ni nani, na nilikuwa sijawahi kuulizwa hivyo na yeyote tangu nifike mjini. Mama Nasrin alitoka. Nilibaki nakusanya vyombo, na kupitia ukuta nikamsikia akimweleza mumewe, na mumewe akicheka, si kwa ubaya, alikuwa mtu wa kucheka.

“Si uwaambie tu ni yule msichana wa barazani?”

“Halafu mimi nitakuwa nani kwao?”

“Utakuwa Mama Nasrin.”

“Mama Nasrin ndiye mimi hapa siku zote,” alisema. “Hapa hakuna mtu anayeniuliza kitu zaidi ya bei ya mita.”

Nilisikia, na nilimwonea huruma. Lakini nilijionea zaidi mwenyewe. Kesho yake mchana niliingia nimejiandaa kusema, na sikuhitaji, maana alikuwa ameshaweka karatasi nyeupe na penseli mezani. “Chora kiganja chako, Minza. Nitakipeleka.” Nilikitandaza, yeye akanishikia karatasi. Chini nikaandika jina langu lote, na Didia, Shinyanga, na mstari mmoja niliokuwa nimeutunga usiku: Ni mimi ninayeshona, na yeye ndiye anayenifundisha. Alisoma, akaniambia nimeandika vizuri. Akaweka kwenye bahasha, akailamba, akaandika anwani ya Maskati, akaitia mkobani. “Ila ili tusiwacheleweshe wenzetu,” alisema, “kata nyingine kwa kiganja changu.” Nikakata nyingine kwa kiganja chake, alichokilaza juu ya kitambaa mara tano na vidole viwili, akikibonyeza kama anapiga muhuri.

Niliishona, akaituma, na kuanzia hapo nilisubiri jibu la karatasi yangu. Kila saa saba niliingia na swali lililonikaa usoni, na yeye akalijibu kabla sijaliuliza. “Bado.” Barua za kundi ziliendelea kuja. Watu walizungumzia uzi, homa, harusi ya mtoto wa mmoja wao, na zote zilianza kwa Mama Nasrin mpendwa. Oktoba ikapita, vuli ikanyesha, uani kukawa tope. Nilitafuta sababu za kuwatetea: posta imepoteza, Bi Rahma anaumwa. Halafu nikachoka kuwatetea. Nikaamua kwamba wamelipokea jina langu, wameona ni la Kisukuma, la msichana wa kijijini asiyekuwa na habari na pwani wala kanzu, wakaangaliana wakanyamaza. Hakuna aliyewahi kunidharau kwa ukimya namna ile. Niliacha kula kichri pale, nikasema tumbo linanisumbua. Yeye hakunibembeleza. Aliendelea kuifunika sahani yangu, na ikawa inakaa imefunikwa mpaka jioni.

Desemba ilikuja picha ya kanzu iliyokamilika, imetundikwa juu ya ukuta mweupe, na nyuma ya picha majina manane. Mama Nasrin, Shinyanga, taharizi ya kushoto. Niliisoma barazani, mbele ya mafundi wenzangu, nikamrudishia na kusema ni nzuri. Wiki hiyo hiyo nilibeba cherehani changu nikaja Kahama. Hakuniuliza kwa nini. Alinisindikiza mpaka stendi na kunipa mkasi wa baba yake, ambao bado ninao, nikaupokea bila kumshukuru ipasavyo. Nimefanya kazi kwa mashine tangu siku ile. Nilipata mume, nikampoteza, nikazaa mapacha ambao sasa wako mbali na wananipigia Jumapili. Sindano ya mkono naishika kufungia vifungo tu. Na miaka yote hii, nikikumbuka wale saba, roho iliniuma upya, hasa kwa Bi Rahma, kwa sababu yeye aliniuliza.

Siku ya tano nilifungua mfuko. Juu ilikuwa taharizi ya kwanza, ile fupi, imefungwa na karafuu ili wadudu wasiile. Niliipitisha vidoleni, kweli haina doa. Chini yake palikuwa na karatasi ya printa, imepauka, barua ambayo Mama Nasrin alimwandikia Bi Rahma mwezi ule wa Septemba: Kiganja ni changu, dada, nilipima kwa haraka nikiwa na wageni, nisamehe, naleta nyingine. Na chini kabisa bahasha. Niliitambua kabla sijaitoa, kwa mwandiko wa anwani. Ilikuwa na stempu mbili za picha ya ndege, zimebandikwa sawasawa, kingo kwa kingo. Hazikuwa zimegongwa muhuri.

Alikuwa amefika mpaka kwenye stempu. Nilikaa nikazitazama hizo stempu kwa muda mrefu, nikimwona amesimama posta ya Shinyanga na mkoba wake, mrefu kuliko foleni yote, akisogea, akisogea, kisha akitoka. Nilitafuta kikaratasi cha kuniomba radhi. Nikautikisa mfuko. Hakikuwepo. Nilikasirika mpaka nikainuka nikafunga mlango ili wapita njia wasinione, kisha hasira ikaisha na kilichobaki kikawa kibaya zaidi: nimewalaumu watu saba kwa miaka zaidi ya ishirini, na hawajawahi kusikia jina langu. Na huyo aliyenikosea kweli alikuwa akiifunika sahani yangu.

Nilifungua bahasha kwa mkasi wa baba yake. Kiganja kilikuwepo, penseli haijafutika, na mstari wangu chini yake. Nikakilazia cha kwangu. Viungo vimekauka siku hizi, kidole gumba hakifunguki kama zamani, na kile cha mwisho hakikufika kwenye mchoro. Ningepima leo ile taharizi ingepungua tena.

Jioni nilimpigia Nasrin. Nilimwambia amekosea mahali pamoja, kwamba mama yake hakujua kushona. Nilisikia magari ya Dar. “Sasa niwaandikie nini, Anti?” Nikamwambia aandike kwamba mama yake ndiye aliyejua kila kitu juu ya kanzu ile, na kwamba bila yeye isingeshonwa, maana hiyo ni kweli. Ya kwangu nitaipeleka mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda posta ya Kahama na karatasi yangu, nimeirudisha kwenye bahasha ileile na kuifunga kwa gundi. Msichana wa dirishani aliigeuza mara mbili. “Mama, stempu hizi ni za zamani sana. Hazitoshi.” Nikanunua mpya, akazibandika pembeni ya zile za ndege. Akaniuliza kama nataka iende kwa njia ya haraka. Nikamwambia hapana, ilishachelewa, iende kama nyingine. Akachukua muhuri, na kwa kuwa stempu zote zilikuwa karibu karibu, akazigonga za zamani na mpya kwa pamoja.